Betri za Gorogoro

Siku akina mama wa ushirika walipofika kwa Eucabeth, chai ilikuwepo, mahindi yalikuwepo, hata viti vya kuazima vilikuwepo. Kilichokosekana ni gorogoro. Na ushirika ule wa mtaa wa Kaptembwa una desturi yake: kila mama kwa zamu yake huchangiwa mahindi, kila mmoja akipima gorogoro moja mbele ya wenzake, ijae mpaka imwagike pembeni, na mkebe wa kupimia hutolewa na mwenye nyumba. Mwenye nyumba asiye na mkebe atachekwa pale pale, kisha atachekwa tena kwenye nyumba nyingine wiki ijayo.

"Mama Quincy, tuanze basi," alisema Chepchumba, jirani wa mlango wa pili na rafiki wa Eucabeth tangu walipohamia ploti ile ya vyumba vya kupanga. "Hawa watu wameanza kuangalia simu."

"Gorogoro ya ploti iko kwa mama wa duka, na amefunga. Ameenda mazishi Gilgil."

Chepchumba aliangaza macho chumbani. Chini ya meza ya kazi ya Nicodemus, mume wa Eucabeth, palikuwa na mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, ule ule ambao nchi nzima hupimia mahindi.

"Na hiyo ni nini?"

"Hiyo ni ya betri za baba Quincy."

"Kwani zitakufa zikikaa kwa kitu ingine?" Chepchumba alikuwa ameshainama, ameshafungua kijisanduku cha bati kilichokaa kando ya mkebe. "Hata hapa kuna zingine. Mwaga hapa, utapanga baadaye. Betri ni betri."

Eucabeth alisita. Alijua kwamba betri si betri. Nicodemus alikuwa fundi wa vitu vidogo vya umeme, na sehemu kubwa ya riziki yao ilitoka kwenye kompyuta zilizokufa. Alizipasua, akatoa betri zilizo ndani, zile za mviringo zinazofanana na kidole kinene, akazipima, akazichaji. Zilizobaki na uhai aliziandika T mwilini kwa wino, yaani tochi, kisha zikavishwa shati jipya la plastiki na kutiwa kwenye gorogoro. Hizo ziliuzwa kwa wenye tochi, redio na taa za sola. Kijisanduku cha bati kilikuwa cha betri mpya kabisa, alizoagiza Nairobi kwa mtu anayemwamini, na wateja wake walikuwa vijana wanaovuta sigara ya umeme, ile wanayoiita vape, aina kubwa inayofunguliwa chini na kulishwa betri mbili. Kitu hicho kinanyonya betri kwa nguvu. Betri iliyochoka ikinyonywa hivyo hupata moto, na ikipata moto haibishi hodi.

"Ya gorogoro haiingii mdomoni mwa mtu," Nicodemus alikuwa akisema hata wakiwa mezani, mpaka Eucabeth angeweza kulikariri neno hilo akiwa usingizini.

Zamani ungezitofautisha kwa macho, kwa sababu za zamani zilivaa plastiki ya buluu isiyo na maandishi. Lakini plastiki ya buluu iliadimika, na Nicodemus akanunua iliyopatikana, ya kijani, yenye maandishi yale yale yaliyo kwenye betri mpya. Alinung'unika siku nzima, kisha akazitumia. "Macho yatadanganywa na shati," alisema, "lakini mkebe haudanganyi." Hilo lilikuwa kosa lake, na tuliseme mapema, maana baadaye hakuna aliyelikumbuka.

Mama mmoja alikohoa mlangoni. Mwingine akauliza kama mahindi yanapimwa kwa viganja siku hizi, na kicheko kikapita chumba kizima. Aibu haina subira. Eucabeth akainua mkebe, akaumimina wote kwenye kijisanduku, akaupangusa kwa leso, na mahindi yakapimwa mpaka yakamwagika pembeni kama desturi inavyotaka.

Wageni walipoondoka alikaa chini kuzipanga upya. Alitumia akili aliyokuwa nayo: inayong'aa ni mpya, iliyofifia ni ya zamani. Maskini, hakukumbuka kwamba zile zinazong'aa alikuwa amezivisha yeye mwenyewe jana yake, akizipitisha juu ya mvuke wa birika mpaka plastiki ikajikaza bila hata kunyanzi moja. Kazi hiyo aliipenda, na mikono yake ilisifiwa. Betri mpya ndizo zilizokuwa zimekaa ndani ya bati zikila vumbi. Basi mikono ile mizuri ikaziweka za zamani kwenye sanduku na mpya kwenye gorogoro, na kifuniko kikafungwa.

Nicodemus alirudi jioni kutoka Subukia, alikokwenda kufunga sola kwa mkulima wa kahawa. Alikuja na mkungu wa ndizi begani na furaha ya mtu aliyelipwa bila kuzungushwa.

"Hakuna kilichoharibika hapa?"

"Hakuna," alisema Eucabeth.

Alikusudia kumwambia. Lakini mkebe ulikuwa mahali pake, mume alikuwa akicheka, ndizi zilikuwa zimeiva. Nani anaharibu jioni kama hiyo kwa ajili ya mkebe?

---

Kibii, mwana wa pekee wa Chepchumba, alikuwa kinyozi karibu na steji ya matatu. Mkono wake ulikuwa mwepesi hata watoto wadogo hawakulia kwenye kiti chake, na akina mama walimpelekea wana wao kutoka mitaa mingine. Kodi ya chumba cha mama yake ilitoka kwenye mkono huo, na sare yake mwenyewe ya kwaya pia. Chepchumba hakuchoka kumsifu kanisani. Kijana wake hanywi, havuti, hana mambo mengi.

Alikuja kwenye meza ya Nicodemus mchana mmoja, akatazama kwanza mlango wa mama yake.

"Niaje, fundi."

"Poa, Kibii. Leo ni simu ya nani imeanguka kwa maji?"

Kijana akatoa mfukoni kitu cheusi kinachojaa kiganja. "Nataka betri mbili za hii. Zile poa."

Nicodemus alikitazama, akamtazama mwenyewe. "Mama yako anajua unavuta?"

"Fundi, mimi si mtoto."

"Sijauliza miaka. Nimeuliza mama."

"Hajui, na sitaki ajue. Kama huuzi nitanunua tu huko mjini, zile za kuchomolewa kwa laptop. Si ni wewe husema hizo ni mbaya?"

Hapo alikuwa amemshika fundi pabaya. Nicodemus alikuna kichwa. Kama kijana atavuta, alifikiri, afadhali avute na betri salama. Akafungua kijisanduku, akachagua mbili, akazipima moja baada ya nyingine. Mita ilionyesha zimejaa, kwa kuwa betri ya zamani iliyochajiwa vizuri hujaa kama mpya. Uchovu wake hauonekani mpaka ipewe kazi.

"Usiziweke mfukoni na funguo," alisema, akimpa kijikasha cha plastiki. "Zitembee pamoja, hizi ni mapacha sasa. Plastiki ikipasuka, uniletee. Na ikipata moto, tupa mbali, usiangalie bei."

"Sawa, mzee. Na tafadhali, mathe asijue."

"Hatajua kwangu."

Eucabeth alikuwa kizingitini akichambua maharagwe, na yote aliyasikia. Angeweza kusema, "Baba Quincy, ngoja, nilizimwaga." Lakini angelisema mbele ya kijana wa watu, na mume wake angemtazama kwa yale macho yake ya kimya, na angetakiwa kueleza habari ya gorogoro na kicheko cha akina mama. Isitoshe, si alizipanga? Si aliziangalia moja moja? Akaokota kijiwe, akakitupa, akaendelea kuchambua.

Siku chache baadaye, Nicodemus akiwa ametoka kidogo, msichana mwenye nywele za rasta nyekundu na sweta ya chuo alisimama mezani.

"Sasa mathe. Wewe ndiye fundi?"

"Fundi ametoka. Unataka nini?"

"Betri mbili za vape. Beshte yangu ameniambia hapa hamna zile fake."

Eucabeth alimwuzia kutoka kwenye kijisanduku. Hakumpa kijikasha, kwa sababu hakujua vijikasha vilikaa wapi. Msichana alizitumbukiza kwenye mkoba, akaenda zake akicheka na simu.

---

Betri ilipasuka asubuhi, mteja akiwa kwenye kiti amenyolewa nusu. Kibii alikuwa amesimama mlango wa nyuma wa kibanda cha kinyozi, amevuta pumzi mbili, amekishika kile kitu mkononi akiongea na mwenzake. Walioketi ndani walidhani ni tairi la lori barabarani. Kisha wakamsikia.

Hospitalini Eucabeth alikuwa na Chepchumba, amemshika kiuno. Daktari mchanga alitoka na karatasi.

"Mama wa Kibii? Alikuwa anatumia vape ya aina gani?"

"Ya aina gani nini?"

"Vape, mama. Sigara ya umeme. Ndiyo imemchoma."

"Hapana, umekosea mtu," Chepchumba alisema kwa heshima kubwa, kama anayemsaidia daktari. "Wangu havuti. Wangu ni wa kwaya."

Watu kwenye benchi waligeuza shingo. Daktari hakujua aangalie wapi. Mlango wa wodi ulikuwa wazi kidogo, na Kibii, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko, aliusikia utetezi wa mama yake akaugeuzia ukuta uso wake.

Nicodemus aliwasili akihema, bado na bisibisi mfukoni. Angeweza kukaa kimya, lakini hakuumbwa hivyo. Alisimama mbele ya Chepchumba akavua kofia.

"Mama Kibii, ni mimi nilimuuzia hizo betri. Nilimchagulia kwa mkono wangu. Nilijua anavuta, na sikukuambia."

Chepchumba alimgeukia.

"Mimi ninampikia kila siku," alisema. "Mimi ninamfulia nguo. Sikujua. Na wewe ulijua."

Hakumtukana. Ingekuwa afadhali amtukane. Eucabeth alikuwa bado amemshika kiuno, na maneno yote aliyopaswa kusema yalikuwa mdomoni mwake, yamejipanga. Akayameza.

Madaktari walihangaika, lakini kidole gumba na cha shahada havikuokoka. Kinyozi anaweza kukosa vingi, ila si hivyo. Kibii alipoambiwa aliuliza tu nani atamalizia kichwa cha mteja aliyemwacha kwenye kiti.

---

Habari haina miguu lakini hufika. Kaptembwa yote ilijua kwamba Nicodemus ameuza betri mbovu. Mzee Hiram, msimamizi wa ploti na mzee wa kanisa, alimwita kando akamshauri kwa sauti ya upole ambayo kila mpangaji aliisikia.

"Fundi, hiyo meza yako uiondoe mlangoni kwa muda. Watu wana watoto hapa."

"Nitaiondoa, mzee."

"Si mimi, ni watu."

"Nimeelewa, mzee."

Meza ikaingia ndani. Nicodemus akauza mashine yake ya kuchaji na vyombo vyake vizuri, akaweka pesa kwenye bahasha, akaipeleka kwa Chepchumba. Mama yule hakuipokea wala hakuirudisha. Alikataa tu kuifungulia mlango. Bahasha ilikaa kizingitini mpaka mvua ikailowesha, na Nicodemus akaenda kuiokota mbele ya macho ya ploti nzima, akaianika kwenye kamba pamoja na nguo.

Alianza kubeba magunia kwenye posho mill, mashine ya kusagia unga. Jioni alirudi mweupe kwa unga, akakaa, akaitazama mikono yake. Kile kijisanduku cha bati alikuwa amekirusha juu ya kabati siku ile ya ajali na hakukigusa tena. Hata redio yao ilipoanza kukoroma hakutaka kuifungua.

"Nilipima, mama Quincy," alikuwa akisema. "Si uliniona nikipima?"

"Nilikuona."

"Zote mbili nilipima. Basi hii mikono haijui kitu tena."

Fundi akishaiogopa mikono yake amebaki na nini? Eucabeth alikuwa akiona mume wake anavyopungua. Kila jioni alijiambia kesho nitasema, na kila kesho ilikuja na sababu yake. Kosa la kwanza lilikuwa dogo, la mkebe tu. Lile la kunyamaza ndilo lililokuwa likila na kunenepa humo ndani. Waswahili walisema mficha uchi hazai, nao walijua walilolisema.

Kila asubuhi alipika uji wa wimbi, mzito, wenye ndimu, akautia kwenye flaski yake nyekundu na kumpelekea Chepchumba ampelekee mgonjwa. Wakati mwingine walikwenda pamoja. Kibii alikunywa kwa mkono wa kushoto, akimwaga kidogo kifuani, na mama yake akimpangusa kama mtoto mchanga.

"Mimi na wewe hatuna neno," Chepchumba alimwambia siku moja kwenye ngazi za hospitali. "Nataka ujue hivyo. Mume wako sitamsamehe leo wala kesho. Lakini wewe si yeye. Mwingine angejificha kwa nyumba. Wewe unaniletea uji."

Eucabeth aliitikia kwa kichwa. Alitamani ngazi zile zifunguke zimmeze.

---

Asubuhi moja mvua ilizuia kazi ya magunia, na Nicodemus akabaki nyumbani. Aliivuta gorogoro kutoka chini ya meza, akazimwaga betri zake zote kwenye gunia la kuuzia watu wa chuma chakavu. Kisha akaupangusa mkebe kwa shati lake, akampa mke wake.

"Chukua, ikae jikoni. Mimi sina kazi nayo tena. Siku moja ushirika ukija tena hapa, utapimia mahindi."

Eucabeth aliupokea. Akaketi na mkebe mapajani, akalia kwa sauti, vile watu wanavyolia matangani.

"Ni nini tena?"

"Nilishapimia," alisema. "Baba Quincy, nilishapimia mahindi na hii."

Mwanzoni hakuelewa. Akamweleza yote: viti vya kuazima, kikohozi cha mlangoni, kicheko, kijisanduku kilichofunguliwa, mdomo wa Chepchumba uliosema mwaga, alivyozipanga kwa kung'aa. Hakuficha kitu. Nicodemus akasimama juu ya kiti, akakishusha kijisanduku, akachukua betri inayong'aa akaichana plastiki kwa wembe. Mwilini, kwa wino wake mwenyewe, ilikuwapo T.

Akachana ya pili. T. Akaiweka chini taratibu.

"Kwa hivyo haikuwa mimi," alisema.

Uso wake ulifunguka. Kwa kitambo kifupi alikuwa tena yule mtu wa mkungu wa ndizi, na furaha hiyo ilimchoma Eucabeth kuliko kofi ambalo angempiga. Kisha furaha ikafa. Eucabeth aliona macho ya mumewe yakihesabu jambo.

"Baada ya siku hiyo ya mahindi, uliuzia mtu mwingine kutoka kwa hii sanduku?"

Eucabeth aliacha kulia. Katika siku zote zile za kujificha, alikuwa amejifikiria yeye, na Chepchumba, na mume wake. Msichana yule hakuwa amemwingia akilini hata mara moja.

"Msichana mmoja. Wa chuo. Ana rasta nyekundu."

"Ulimpa kijikasha?"

"Sikumpa."

"Mimi nilidhani ni betri mbili tu zilikuwa mbaya," Nicodemus alisema polepole. Hakupandisha sauti. "Ningejua ni sanduku nzima, ningemtafuta siku ile ile. Umeniona nikijilaani, ukanyamaza, sawa, mimi ni mume wako. Lakini huyo mtoto wa watu, mama Quincy? Huyo anatembea nazo."

"Nisamehe."

"Vaa viatu."

Wakati akifunga kamba za viatu vyake, Eucabeth alimwona akiichukua ile gorogoro, akatoka nayo mvuani, akaijaza mchanga.

---

Lango la chuo lilikuwa kwenye barabara ya kwenda hospitalini. Mvua ilikuwa imekatika na wanafunzi walikuwa wakitoka kwa vikundi, na mbele yao wamesimama mzee mwenye mkebe wa mchanga na mama mwenye leso iliyolowa.

"Samahani, mwanangu, unamjua msichana wa rasta nyekundu? Anavuta vape."

"Mathe, hapo umeelezea nusu ya shule," kijana mmoja alisema, na wenzake wakaangua kicheko.

"Kwani mnauza ama mnavuta?" aliuliza mwingine.

Askari wa lango aliwafukuza hatua chache. Wakarudi. Akawafukuza tena. Nicodemus alimwita askari yule wa miaka ishirini "boss" na kumwomba kwa mikono miwili, na Eucabeth, aliyeogopa kuchekwa na akina mama kumi chumbani mwake, alisimama akichekwa na chuo kizima. Aliendelea kuuliza.

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipoziona rasta zile.

"Wewe! Msichana! Ngoja!"

"Ai, si huyu ni mathe wa betri?" Msichana alisimama. Rafiki zake walimwita Mitchelle. "Kuna nini?"

"Zile betri. Unazo?"

"Ziko hapa." Alitumbukiza mkono mkobani, katikati ya funguo na sarafu na chaja, akatoa kile kitu. "Hata nilikuwa nirudi kwenu. Inakuanga moto siku hizi, lakini nikaona labda ni kawaida."

Nicodemus alikipokea kwa ncha za vidole, akakifungua, akazitoa betri moja moja. Plastiki ya moja ilikuwa imechanika na chuma chake kimevimba kidogo ubavuni. Akapiga magoti, akazizika mchangani.

"Lakini niliambiwa hapa hamna fake!" Mitchelle alisema. Wenzake walikuwa wameacha kucheka. "Fundi gani huyu anauzia watu takataka?"

"Si fundi," alisema Eucabeth, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Watu walisimama. "Fundi hakujua. Ni mimi nilichanganya za zamani na mpya. Hata zile zilimchoma kijana wa kinyozi wa Kaptembwa, ni mimi. Fundi hana kosa. Ni mimi, na nikanyamaza."

"Mama Quincy."

Hakuhitaji kugeuka. Chepchumba alikuwa nyuma yake kando ya barabara, leso ya kanisa begani, njiani kumwona mgonjwa. Mkononi alikuwa na flaski nyekundu.

"Ulikuwa unaniletea uji na unajua?"

"Nilijua," alisema Eucabeth.

Wanafunzi walijitenga kidogo, kama watu wanavyompisha mfiwa. Kisha jambo lingine likampita Chepchumba usoni, na aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka, karibu ya kunong'ona.

"Zilichanganyika lini?" Mkono wake ulikuwa umeikaza shingo ya flaski. "Usiniambie ni siku ile ya mahindi. Usiniambie ni siku mimi nilikuwa kwako."

Eucabeth alimwona anakumbuka. Aliona mkono wake ukikumbuka kijisanduku, na mdomo wake ukikumbuka neno. Neno moja tu la ndiyo, na mzigo ule ungegawanyika katikati, na pengine wangelia pamoja, na pengine siku moja wangekunywa chai tena. Nicodemus alikuwa amepiga magoti palepale, uso ameuinua, akimtazama mke wake. Alijua yote.

"Hapana," alisema Eucabeth. "Ilikuwa asubuhi, kabla mfike. Nilikuwa nafagia nikaangusha mikebe yote miwili. Wakati unaniambia nimwage, zilikuwa zimeshachanganyika."

"Ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu."

Nicodemus aliinamisha kichwa, akaongeza mchanga juu ya betri, akaushindilia kwa kiganja.

Chepchumba alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa gunia. Mabega yake yalilegea. Kisha, pale hofu ilipotoka, chuki ikaingia ikakaa, na Eucabeth akaiona ikikaa, akaiacha.

"Shika kitu yako," Chepchumba alisema, akimsukumia flaski kifuani. "Na usiwahi kuja kwa mlango yangu."

Akashika barabara ya hospitali mikono mitupu, akitembea haraka, bila kugeuka. Askari akasema sasa jamani inatosha, mmezuia njia. Nicodemus akainuka na mkebe wake, akamshika mke wake kiwiko, wakaanza kurudi. Flaski ilikuwa imejaa, na uji ndani yake ulikuwa bado wa moto.